Kabla hujapanda treni

Nkuhungu, Dodoma
Juni 2025

Shoga yangu mpendwa,

Mbukwa! Nimesikia unakuja mwezi wa saba ili bi mkubwa amwone mjukuu wake. Njoo, tunakusubiri kwa hamu. Ila usije na nguo za Dar. Asubuhi huku tunatoka na majaketi, upepo unavuma kutwa na vumbi lake, na ikifika saa kumi na mbili jioni kila nyumba imeshafunga madirisha.

Hayo madirisha ndiyo yaliyonifanya niandike. Miaka yote niliamini baridi ndiyo inaleta mafua. Kumbe baridi inatusukuma ndani tu, virusi tunapeana wenyewe: watu sita chumba kimoja, dirisha limezibwa na gunia, jiko la mkaa linafuka pembeni, na mmoja anakohoa.

Mwaka jana huyo mmoja nilikuwa mimi. Nilitoka msibani Mpwapwa na mafua mepesi, nikapitiliza kwa mama, nikalala naye kitanda kimoja kama zamani. Siku ya tano akakataa mlenda. Mama yangu, mlenda! Homa hana, ila anapumua juu juu na ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Tukasema uzee. Hospitali wakasema nimonia, na kwamba wazee wengi joto halipandi hata wakiumwa sana; unaona tu wamechanganyikiwa au wamegoma kula. Alilazwa siku nane.

Wiki hiyo hiyo mwanangu Kulwa, wakati huo ana miezi minane, akaanza kukohoa. Nikakimbilia duka la dawa, nikauziwa amoksilini bila kuulizwa hata swali moja. Nilipomfikisha zahanati, nesi hakugusa dawa yoyote kwanza. Alingoja mtoto atulie, akampandisha kishati, akashika saa na kutazama tumbo likipanda na kushuka dakika nzima, midomo yake ikihesabu kimya kimya. Arobaini na mbili. Akaniambia mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 ni hatari. Chini ya miezi 2 ni 60, na kuanzia mwaka mmoja ni 40. Akanionyesha pia pa kutazama chini ya mbavu: akivuta pumzi pakibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, usingoje kuche. Ile amoksilini nikaambiwa niiache, maana haigusi virusi. Nikarudi nyumbani nimenyamaza.

Sasa wako ana miezi mitatu, na vinjia vya hewa vya mtoto wa umri huo ni vyembamba kama mrija wa soda. Kuna kirusi kinaitwa RSV, karibu kila mtoto anakipata kabla ya miaka miwili. Kwa mkubwa ni mafua ya siku chache, kwa kichanga kinaweza kushuka hadi mapafuni. Marekani walianza kuwachanja wazee na wajawazito mwaka 2023, lakini kwenye kadi zetu hiyo haimo. Iliyomo ni chanjo ya nimonia, wiki ya 6, 10 na 14. Hiyo inakinga bakteria ambao hupenda kuingia mtoto akishadhoofishwa na virusi. Wiki ya 14 itakukuta huku, kwa hiyo beba kadi ya kliniki, mtoto atachanjwa kituo chochote cha karibu. Na endelea kunyonyesha hata ukiumwa wewe mwenyewe, ila vaa barakoa na unawe kwanza. Bi mkubwa akileta asali ya kikohozi, pokea, shukuru, kunywa wewe. Mtoto asiionje mpaka atimize mwaka.

Utakapopata shida ni kwa mashangazi. Watajaa kwa bi mkubwa, Kizota, siku ya kwanza, kila mmoja anataka kumshika mtoto na kumbusu mashavu, na huwezi kumfukuza shangazi. Mimi nimetundika kibuyu chirizi mlangoni na kipande cha sabuni, maji yenyewe ya mgao lakini hicho kinakula kidogo sana. Mgeni akifika namwambia, "Mtoto anasubiri mikono yako ioge." Wengi wanacheka na kunawa. Mmoja alinuna wiki mbili, akapoa. Mwenye mafua anamwona mtoto kwa mlangoni, basi. Bi mkubwa naye ana pumu, kwa hiyo nimeshamwambia binamu yako ahamishie jiko uani, na mchana wafungue madirisha yanayotazamana hata kama vumbi litaingia. Vumbi tutafagia.

Ukiamka na mafua siku ya safari, au ukimwona mtoto anapiga chafya, usipande treni. Sogeza tarehe. Bi mkubwa atalia kwenye simu, najua, lakini nitakwenda kukaa naye mimi mpaka mtakapofika.

Wako,
Mama Pacha