Barua kwa mwanangu: hiyo harufu ya AC usiifunike kwa pafyumu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku Tanga sote tu wazima, mama yako anakusalimu na goti lake limepata nafuu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza vizuri. Unasema ukiwasha AC ya hiyo Toyota IST yako asubuhi unatoka uvundo, baadaye unapungua, na sasa umetundika pafyumu mbili kwenye kioo. Zitoe leo. Mjukuu wangu ana pumu, na pafyumu inaweza kumbana kifua kama uvundo wenyewe. Tena inakuziba pua, na pua ndiyo itakayokwambia gari lina nini.

Kwa maelezo yako, hiyo ni koili ya baridi, ile iliyojificha nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ikipita kwenye koili, unyevu unageuka maji, na maji hayo yanatakiwa kuteremka kwenye kipira chembamba yadondoke chini ya gari. Ukifika nyumbani ukazima kila kitu kwa mpigo, koili inabaki imelowa, ina vumbi, iko gizani. Fangasi na bakteria wanazaliana humo usiku kucha. Asubuhi feni inakupulizia harufu yao, harufu ya kanga iliyolowa ikasahauliwa kwenye beseni.

Anza na kipira. Egesha mahali pakavu palipo wazi, washa AC kama robo saa, kisha chungulia chini ya gari upande wa abiria. Kwa joto la Dar lazima maji yadondoke. Ukikuta pakavu, papasa zulia la abiria. Likiwa limelowa, basi kipira kimeziba. Fundi anakizibua kwa upepo kidogo kutokea chini, si kazi kubwa.

Halafu filta ya AC. Hiyo unaweza kuifikia mwenyewe: toa vitu vyote kwenye droo ya dashibodi, ibonyeze pande zote mbili iteremke, na nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Vuta filta taratibu, maana huwa na vumbi, majani, hata vinyesi vya panya. Funika pua na mdomo, na mtoto asiwe karibu. Ikiwa nyeusi au ina madoa ya ukungu, usiioshe wala usikubali kupulizwa kwa kompresa ikarudishwa. Vumbi litatoka, fangasi watabaki. Nunua mpya, na ufuate mshale uliochorwa ubavuni unapoiweka. Zenye tabaka la mkaa zinapunguza harufu za barabarani, ila haziponyi koili chafu. Na hapo unapoegesha chini ya mwembe, fagia majani kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Hewa ya nje inaingilia pale. Majani yakioza, na wewe unavuta uozo wao.

Koili yenyewe isafishwe kwa povu maalumu la kusafishia AC, gari likiwa limezimwa. Linaingizwa kupitia kipira au kwenye nafasi ya filta, linaachwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha linachuruzika chini na uchafu wake. Baadaye feni iendeshwe milango ikiwa wazi. Asikutilie jiki mtu yeyote: inakula aluminiamu ya koili, na mvuke wake ni sumu kwa mapafu ya mtoto.

Ukisikia fundi anasema, "Dada, gesi imeisha, ndiyo maana inanuka," mshukuru uondoke. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikivuja utakosa baridi; uvundo wa namna hii hautokani nayo. Nachukia sana kuona mtu anatozwa pesa ya gesi kwa kosa la filta.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu si kila harufu inasubiri Jumamosi. Harufu tamutamu, na kioo cha ndani kinashika ukungu wenye mafuta, maana yake kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, inavuja kwenye koili ya hita. Mtu akiinywa ni sumu, na injini nayo itachemka. (Wanaotia maji matupu kwenye rejeta hawatapata utamu huo, wataona zulia linalowa na maji yanapungua.) Harufu ya waya unaoungua: zima gari, shukeni. Harufu ya petroli vilevile, na usijaribu kuliwasha tena. Moshi wa ekzosi ukiingia ndani, fungua vioo vyote, simama, mtoe mtoto nje. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, kisha inaua. Kwa hiyo usimlaze mtoto ndani ya gari lililosimama huku injini na AC vinafanya kazi na vioo vimefungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kwa dakika unazoziona chache.

Baada ya usafi, jizoeze jambo moja. Ukikaribia nyumbani, dakika tano za mwisho, zima kitufe cha AC, acha feni ivume kwa nguvu na uingize hewa ya nje, koili ikauke. Na kwenye foleni ndefu usikae muda wote kwenye hewa ya kuzungusha ndani. Kila baada ya muda ruhusu ya nje, isipokuwa ukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi. Mkiwa watu wengi mmefungiana, hewa inachoka na dereva anasinzia.

Filta ukishaitoa, ipige picha pande zote mbili unitumie, na uniambie kama chini ya gari maji yamedondoka au la. Povu usinunue kwanza mpaka nione picha. Msalimie mumeo, na mjukuu wangu umwambie babu anamsubiri likizo.

Baba yako