Barua kwa wanangu wa Lindi na Mtwara: karatasi isiyo na tarehe msiisaini

Wanangu, wajukuu zangu, na ndugu zangu wote wenye mashamba kuanzia Kilwa hadi Msimbati: asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Juma lililopita nilikuwa barazani kwangu nikaona gari la madalali limesimama kwa jirani, na walioliongoza njia ni vijana wetu wenyewe. Wamekuja na karatasi zilizochapwa, kidau cha wino wa dole gumba, na maneno yaleyale ya mwaka 2012: mradi wa gesi unakuja, ardhi inapanda bei, saini leo uchukue arubuni, yaani malipo ya awali, kilichobaki utamaliziwa mradi ukianza. Nikaomba kuisoma hiyo karatasi. Imetaja mipaka, imetaja majina, imetaja fedha. Tarehe ya mwisho haikutajwa popote. Nimekasirika, na hasira hiyo mtaiona humu. Nivumilieni, maana mimi ni baba yenu.

Wengi wenu mlikuwa watoto wakati ule. Mwaka 2010 gesi ilipatikana kwenye bahari kuu mbele yetu, na 2012 Statoil, kampuni ya Norway, ikatangaza kisima cha Zafarani. Baada ya miaka michache tukaambiwa hazina yote ya nchi imefika futi za ujazo trilioni 57. Mtwara ikajaa wageni, kodi za nyumba zikapaa, watu wakasema kusini itakuwa Dubai. Januari na Mei 2013 watu walitoka barabarani kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Roho zilipotea, nyumba zikachomwa. Tulipigania gesi iende wapi. Hatukukaa hata siku moja tukaulizana bei yake inapangwa wapi.

Nawaeleza sasa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, inachomwa kwenye mitambo ya umeme ya hapahapa nchini tangu 2004, kwa bei ya mkataba. Ile ya bahari kuu ni habari nyingine. Iko chini ya maji ya kina kirefu sana, na kampuni zimeipangia kusindikwa iwe kimiminika, ipakiwe melini, iuzwe hasa Asia, ambako mikataba mingi ya gesi hufuata bei ya mafuta. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa limeporomoka chini ya dola 30.

Kampuni ikiona hali hiyo haifungi ofisi kwa siku moja. Huanza kwa kupunguza utafutaji: meli za kuchorongea visima zinaondoka, na nyuma yao madereva, wapishi na walinzi wanaambiwa wasirudi kazini. Halafu uamuzi wa mwisho wa kuwekeza unasogezwa, mwaka baada ya mwaka. Halafu hisa zinauzwa, au kampuni yenyewe inanunuliwa na kubwa zaidi, kama Shell ilivyoichukua BG, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na gesi hapa kwetu, Februari 2016. Mwisho wa yote wanafuta thamani kwenye vitabu vyao. Januari 2021 Equinor, ndiyo ile Statoil iliyobadili jina, ilitangaza kufuta dola milioni 982 za mradi wake wa Tanzania. Sitasema bei peke yake ndiyo iliyochelewesha mambo. Sheria mpya za 2017 na majadiliano marefu navyo vilichangia. Lakini Equinor ilikuwa na visima vya Norway vya kuishikilia. Kijana wa hapa aliyeweka nyumba ya marehemu baba yake rehani ili ajenge gesti ya wageni wa gesi hakuwa na kisima popote. Benki ilipiga mnada, na mama yake leo anaishi kwa binti yake Nachingwea.

Nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kuna jambo wenye mashamba wa kule walikuwa nalo na sisi hatukuwa nalo.

Kule mwenye shamba anaweza kumiliki hata kilichomo chini ya udongo. Kwetu Sheria ya Petroli ya 2015 inasema kilichomo ni mali ya taifa. Chako wewe ni haki ya kuitumia ardhi ya juu. Kampuni ya Marekani ikitaka gesi, inakodi haki hiyo kwa mwenye shamba: inamlipa fedha ya kusaini kwa kila ekari, kisha mrabaha, yaani fungu la mauzo ya gesi itakayotoka, na katika jimbo la Pennsylvania sheria inasema mrabaha usipungue moja ya nane. Julai 2008 bei ya gesi kule ilipita dola 13 kwa kipimo chao cha sokoni. Mjini Fort Worth, Texas, watu waliahidiwa zaidi ya dola 20,000 kwa ekari, tena mtaa kwa mtaa, wakiunda vikundi ili wasaini pamoja. Septemba mabenki makubwa yakatikisika. Oktoba kampuni zikaziondoa ahadi zao mezani, na familia zilizokuwa zikisubiri zamu ya kusaini zikaachwa mikono mitupu. Mwanzoni mwa Septemba 2009 bei ilikuwa chini ya dola tatu.

Waliokwisha kusaini nao walionja. Bei ikishuka, kampuni huchimba kisima kimoja tu ili kushikilia eneo kubwa, maana kisima kikitoa gesi mkataba unaendelea hata muda wake ukipita. Wengine walikatwa gharama za kusafisha na kusafirisha gesi kutoka kwenye mrabaha wao, hundi ikawa haba. Chesapeake, moja ya kampuni kubwa za gesi nchini humo, iliomba ulinzi wa mufilisi mahakamani Juni 2020, na wenye mashamba waliokuwa wakiidai mirabaha wakajikuta kwenye foleni moja na wadai wengine wote.

Lakini sikilizeni hili. Mikataba yao ilikuwa na muda wa kwanza, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano. Kampuni isipochimba ndani ya muda huo, mkataba unakufa wenyewe. Mwenye shamba ambaye hakuchimbiwa kwa sababu bei ilianguka alibaki na fedha yake ya kusaini, na ardhi ikarudi mikononi mwake. Akitaka analima, akitaka anangoja mteja mwingine. Tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo iliyomwokoa. Na gesi iliyochimbwa kwenye mashamba ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kushindana na yetu: Februari 2016, mwezi uleule Shell ilipomaliza kuinunua BG, meli ya kwanza ya gesi iliyosindikwa Sabine Pass, Louisiana, iling'oa nanga kwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo. Yetu ilikuwa bado chini ya bahari, na mashamba yetu yamefungwa kwa karatasi zisizo na mwisho.

Nimekaa kwenye baraza la ardhi la kijiji, karatasi hizo nimezisoma. Mama mmoja wa hapa, mjane, simtaji jina, alipewa arubuni na dalali mwaka 2013. Karatasi yake ilisema asipande zao la kudumu, asimuuzie mtu mwingine, angoje malipo kamili "mradi utakapoanza". Mama yule akatii. Akaacha kupalilia, akaacha kupuliza salfa, ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua msimu hadi msimu. Mikorosho aliyoipanda na mumewe wakiwa vijana ikamezwa na pori. Dalali akabadili namba ya simu. Mwanawe alipotaka kulisafisha shamba alime ufuta, mama alimzuia akilia, akihofu kushtakiwa na mtu ambaye hata kwake hapajulikani. Tulipoifungua karatasi ile barazani tukakuta haijawahi kupitishwa na halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haikuachia ardhi ya kijiji igawiwe gizani namna ile. Nguvu yote ya karatasi ile ilikuwa ni woga wa mama yule.

Ndiyo maana nikiwaona ninyi, mliosoma hadi kidato cha nne na wengine vyuo, mnapanda mbele kwenye gari la dalali kumwonyesha nyumba za wajane, moyo unaniuma. Kile cha juu mnachopewa ni cha mboga ya wiki mbili. Yule bibi mnayempelekea wino anawaamini kwa sababu alimnyonyesha mama yako.

Mtu akija na karatasi, muulizeni swali moja kabla ya bei: hii inakufa lini? Iandikwe siku, mwezi na mwaka. Iandikwe kwamba siku hiyo ikifika na malipo hayajakamilika, shamba linarudi bila barua wala kesi, na arubuni hairudishwi, maana ndiyo malipo ya kungoja. Iandikwe kwamba kwa muda wote huo mwenye shamba analima, anavuna, anapuliza dawa. Mwenye nia ya kweli atakubali, kwa kuwa kampuni zenyewe zimezoea mikataba yenye muda. Hata leseni za utafutaji wanazopewa na Serikali zina miaka yake. Atakayekataa tarehe anataka umtunzie shamba bure mpaka bei ya dunia imfae.

Na viongozi wetu nao nisiwafiche. Pale Likong'o, Lindi, eneo la mradi wa LNG, yaani wa kusindika gesi iwe kimiminika, zaidi ya hekta 2,000, lilitangazwa kupatikana mwanzoni mwa 2016. Fidia ya wananchi ilianza kulipwa 2020. Katikati hapo watu waliishi wakiambiwa wasiendeleze, wasijenge, wasipande, na wazee wengine wakaenda kaburini wakiwa bado wanaulizia. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa ilipwe na riba, na uthamini ukifikisha miaka miwili bila malipo ufanywe upya. Sheria nzuri. Kwa nini mwananchi aambiwe na mtoto wa jirani aliyesoma sheria, wakati mtendaji na mwanasheria wa halmashauri wapo? Kampuni ikisitasita kwa sababu ya bei, mkulima asiwe ndiye anayebeba mzigo wa kusitasita huko. Kamwambieni kwa maandishi: endelea kulima mpaka siku utakapolipwa.

Mtaniuliza, mzee, sasa hivi si hali imebadilika? Imebadilika, ndiyo. Vita ya Ukraine ilipandisha bei ya gesi duniani, na Juni 2022 makubaliano ya awali ya mradi huo yalisainiwa Dodoma. Mei 2023 ikatangazwa kwamba majadiliano yamekamilika. Lakini uamuzi wa mwisho wa kuwekeza mabilioni hayo ya dola bado, na bei iliyopandishwa na vita inaweza kushushwa na amani. Naombea mradi uje, wajukuu zangu wapate kazi. Nikiomba dua hiyo sifungi shamba.

Mengine nayasema kwa kifupi. Nyumba ya familia isiwekwe rehani kwa habari ya mradi. Mume asisaini peke yake. Mke ajue na asaini. Tafuteni hati ya hakimiliki ya kimila kabla dalali hajafika. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani. Mlio kwenye halmashauri, ule ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya gesi hupanda na kushuka kadiri gesi inavyouzwa, basi jengeeni madarasa mwaka wa neema na msiukopee.

Na mikorosho ipulizwe. Najua korosho nayo huanguka bei. 2018 wanunuzi waligoma mpaka Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi mlikaa miezi mkisubiri fedha. Lakini bei ilipoanguka mti ulibaki shambani kwako, na msimu uliofuata ulitoa maua.

Yeyote aliyekwisha kusaini, iwe mwaka huu au miaka ile, alete karatasi yake kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri, au aipeleke kwa mwenyekiti wa baraza la ardhi la kijiji chake. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Yule mjane wa 2013 atakuwepo. Mwanawe ameshaanza kufyeka.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Mchinga, Lindi