Salim, msikilize huyu Henoko

Oya Salim,

Mambo vipi kaka, Tanga kwema? Mama hajambo? Mi huku Dar niko poa, umeme tu ndo unatuchezea kila jioni.

Sasa nisikilize. Juzi usiku naosha vyombo, yutyubu ikajipigia yenyewe ngoma ya jamaa wa Israeli anaitwa Shalom Hanoch, nikaacha sufuria na povu lake nikaenda kuangalia ni nani huyu. Jina lake ukilileta kwetu ni kama Amani Henoko, yule Henoko wa kitabu cha Mwanzo, na ile h na ile ch ya mwisho zote zinatokea kooni kama mtu wa Unguja anavyosema Khamis.

Albamu inaitwa Adam Betoch Atzmo, ya 1977, ndo ya kwanza kwake peke yake kwa Kiebrania. Ni roki ila ya melodi, sio ile ya kupasuana masikio, na sauti yake ina mikwaruzo hivi kama mtu aliyeamka saivi. Mi Kiebrania sijui hata cha kuombea maji, lakini neno la kwanza tu nikalidaka, adam, kumbe kwao ndo neno la kawaida la mtu, yani binadamu wetu huyuhuyu. Nikatafuta tafsiri ya wimbo wenye jina la albamu. Anasema mtu anaishi humo ndani mwake, saa nyingine ana huzuni au uchungu, saa nyingine anaimba, kuna siku anafungua mlango kumpokea mtu anayejuana naye, ila mara nyingi anajifungia tu. Basi, hamna maneno makubwa, na mi nimesimama mikono inachuruzika maji namuwaza marehemu mzee wako alivyokuwa anakaa pale barazani na redio yake.

Sasa kilichofanya nikuandikie we ni hiki. Huyu bwana alizaliwa 1946 kwenye kibbutz inaitwa Mishmarot, yani kijiji cha kulima na kumiliki pamoja, kama vijiji vyetu vya ujamaa ila wao walijiunga wenyewe bila kubebwa na lori (usimsomee mjomba hapo haha). Kwao alishajulikana, alikuwa anamtungia nyimbo Arik Einstein, mwimbaji maarufu wa huko, na 1970 wakatoa albamu ya Shablul pamoja, alafu akaenda London kutafuta soko la dunia, akarekodi albamu nzima kwa Kiingereza, ikatoka 1971 na haikumfikisha popote. Akarudi. Akaingia bendi ya Tamouz, wakatoa albamu 1976, mwaka uliofuata ndo akaachia hii.

Alafu we una nyimbo tano za Kiingereza unaziimba kama unasoma taarifa ya habari, usinune, unajua nasema kweli, na ile ya Kiswahili ya mama anayesubiri boti ya Pemba, ile uliyoniimbia nikashindwa kumeza chai, umeiacha inalala kwenye simu eti haina soko.

Nitumie hiyo. Hata kama gitaa halijakaa sawa, hata na yule jogoo wa jirani anayewika kwenye kiitikio. Nyuzi nilizokuahidi nimezipata Kariakoo, Ijumaa nampa kondakta wa basi la asubuhi, we saa nane uwe stendi.

Wako,
Juma