Mwanangu, mkono wa kulia ungoje

Mwanangu mpenzi,

Rekodi yako ya wimbo wa Injili, unaoimba huku ukijipigia piano, nimeisikiliza mara tatu. Sauti unayo, vidole unavyo, ila viwili hivyo vinagombania nafasi moja. Kwa hiyo leo nakupa habari za Roberta Martin, mpiga piano na mwimbaji wa Injili wa Marekani, maana tatizo lako yeye alilimaliza zamani.

Alizaliwa Helena, Arkansas, mwaka 1907, akakulia Chicago. Piano aliisomea kwa nota, na ndoto yake ilikuwa kumbi za matamasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawa mpiga piano wa kwaya ya vijana ya kanisa la Ebenezer Baptist, walikokuwa wakifundisha wanamuziki wa Injili Thomas A. Dorsey na Theodore Frye. Mwaka 1933 yeye na Frye wakaanzisha kundi la vijana wa kiume, ambalo mwaka 1936 lilichukua jina la Roberta Martin Singers. Baadaye akaingiza wanawake, wakati ambapo makundi mengi yalikuwa ya jinsia moja. Wala hakuweka mwimbaji wa besi kama zile kwateti (makundi ya sauti nne) za wanaume. Kazi ya chini ikabaki kwa piano, mkono wa kushoto.

Nawe uanzie hapohapo, kushoto. Katika wimbo wa polepole wa Injili mara nyingi kila pigo hugawanyika sehemu tatu. Kidole kidogo kigonge noti ya chini pigo linapoanza, mgawo wa pili uache tupu, wa tatu uutumie kusogea kwenda noti inayofuata. Ukijaza migawo yote mitatu, wimbo unakimbia bila wewe kujua, na kufika kiitikio cha mwisho waimbaji wanakata maneno ili wakuwahi.

Mkono wa kulia ndio mkorofi wako. Unapiga noti zilezile unazoziimba. Usifanye hivyo. Sauti ya Injili huteleza: inaanzia chini kidogo ya noti, inapanda, inaikalia. Piano haiwezi kuteleza. Ikigonga noti kamili wakati wewe bado uko njiani, msikilizaji anadhani umetoka nje ya ufunguo, kumbe mteremko ulikuwa mzuri tu. Mkono huo ushike chodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, katikati ya piano na utulie. Mstari ukiisha, unapovuta pumzi, hapo sasa useme: noti 3 au 4, na zimalizike kabla hujafungua mdomo tena. Kwenye ubeti wako wa pili pambo limeangukia katikati ya neno, neno lenyewe sikulisikia.

Pedali nayo, ile ya mguu inayorefusha sauti. Mguu unyanyuke palepale chodi mpya inapogongwa, kisha urudi. Wewe umeukandamiza mstari mzima na chodi tatu zimekuwa uji.

Sasa koo. Ukiinama kutazama vidole, kidevu kinashuka na noti za juu zinabanwa. Kiti kikae kwa kimo ambacho viwiko viko sawa na vitufe, na stendi ya maikrofoni ikufuate wewe, usiifuate wewe. Ufunguo usiupime kwa ubeti wa kwanza, kila mtu huuweza huo. Pima kwa noti ya juu kabisa ya mwisho wa wimbo. Kama utapandisha ufunguo nusu toni (hatua moja ya kitufe hadi kitufe cha jirani) mara mbili, kama inavyopendwa, basi anza nusu toni mbili chini ya kile unachokiweza siku umechoka.

Najua utanitajia James Cleveland, mwimbaji na mpiga piano wa Injili mwenye sauti ya kukwaruza. Naam, alizaliwa Chicago mwaka 1931, kwao piano haikuwepo, akafanyia mazoezi kwenye kizingiti cha dirisha. Baadaye akatungia nyimbo kundi la Roberta, na hata mwimbaji Aretha Franklin aliporekodi albamu yake ya Injili kanisani Los Angeles mwezi wa Januari 1972, Cleveland alikuwa naye. Lakini ule mkwaruzo wa sauti yake ni wa koo lililochoka, usiuige. Yeye aliimba kwa akili akizunguka kilichobaki. Wewe bado unacho chote.

Kuna jambo la karatasi pia, na hili watu wa kwaya hulidharau. Mwaka 1939 Roberta alifungua studio yake ya kuchapisha nyimbo, zake na za watunzi wengine, akawa anauza nota za wimbo mmojammoja. Karatasi zile zilikuwa mifupa tu, sauti na chodi za kawaida, mapambo akijazia mpigaji. (Ndiyo maana ukizipiga kama zilivyoandikwa zinakuwa kavu.) Kabla hujaingia studio, andika nani katunga maneno, nani katunga melodi, kila mmoja ana asilimia ngapi, tarehe, na sahihi za wote. Haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili. Mwenye studio akikuletea karatasi moja inayotaja vyote kwa mkupuo, usisaini siku hiyohiyo.

Ubeti wa pili urekodi upya, nusu toni mbili chini, mkono wa kulia ukiwa umeukalia kabisa. Kushoto na sauti basi. Ukisimama wenyewe hivyo, ndipo uutoe ule wa kulia, na kwanza uongezee pale penye pumzi tu. Nitumie rekodi zote mbili.

Baba yako