Kwa Saida, kuhusu jua na kifua cha Mjomba

Shoga yangu Saida,

Hujambo, na watoto hawajambo? Nilicheka uliposema Mjomba anatolewa uani kila asubuhi kama mpunga wa kuanikwa. Ukaniuliza kama kweli jua linatibu kifua kikuu, kwa vile mimi ndiye niliyeishia maabara.

Jua limo, ila kwa njia ya kuzunguka. Bakteria wa kifua kikuu akimezwa na makrofaji, zile seli nyeupe kubwa, seli humtambua kwa vipokezi vyake, yaani protini zake za kunasa vitu. Papo hapo inawasha jeni mbili: moja ya kimeng'enya, protini ya kuendesha mabadiliko ya kikemia, kinachogeuza vitamini D ya kwenye damu iwe na nguvu, nyingine ya kipokezi cha vitamini hiyo. Vitamini ikishaingia kwenye kipokezi, hicho hushika DNA jirani na jeni ya katelisidini, protini inayotoboa utando wa bakteria, na jeni huanza kusomwa ili protini hiyo itengenezwe. Vitamini yenyewe tunaipata zaidi ngozi ikipigwa na jua. Ikipungua, amri inatoka lakini jeni haiitikii. Utafiti wa Marekani uliotoka 2006 ulionyesha hivyo kwa majimaji ya damu ya Wamarekani weusi, yaliyokuwa na vitamini D kidogo. Ilipoongezwa, jeni ikaitika.

Na hapa ndipo ninapopapenda: panya hana swichi hii! Kile kipande cha DNA kinachoshikwa kipo kwa binadamu na jamaa zake nyani, panya hanacho. Ungepima panya hadi uzeeni usingeiona. Neutrofili, seli nyeupe za aina nyingine, nazo zina tabia yao: katelisidini huiandaa mapema zikiwa bado kwenye uboho wa mifupa, zikaifungasha kwenye vifuko, ndipo zinaingia kwenye damu.

Lakini shoga, msimwachie jua. Dar es Salaam watu 4,000 wenye VVU waligawanywa, wengine wakapewa vitamini D, wengine vidonge vitupu. Majibu yalipotoka 2020, kifua kikuu hakikuwa kimepungua kwa waliopewa vitamini. Kwenye sahani ya maabara jeni inaitika vizuri. Mwilini kuna mengine mengi. Aote jua lake, hewa ya uani nayo ni nzuri kuliko ya chumbani, ila vidonge vya miezi 6 asiruke hata siku moja, hata akisema kikohozi kimeisha.

Niandikie: yuko mwezi wa ngapi, na makohozi ya mwezi wa pili yalipimwa?

Wako,
Mwanaisha