Kabla ya kuba, tazameni paa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuza matofali ya kuchoma hapa Ruashi, Lubumbashi. Kamati ya msikiti wetu inachangisha pesa za jengo jipya, na mchoro umebandikwa mlangoni: kuba, vioo upande wa magharibi, bati tupu juu, wanawake ghorofani. Nikauliza, hewa ya moto itatokea wapi? Nikajibiwa kutakuwa na viyoyozi. Kwa umeme upi? Huu unaokatika khatibu akiwa bado mimbarini?

Joto hupanda, na juu ndiko tuliko sisi wanawake, hata sasa. Mtu aliyeketi tu hutoa joto la wati 100 hivi. Wanaume 300 wakijaa chini, hizo ni kilowati 30 zinazotupandia. Mwezi wa kumi ndio balaa. Karibu na mwisho wake jua la saa sita husimama wima juu ya mji huu, basi linalopigwa ni paa kuliko ukuta. Ukiinua kiganja kuelekea bati, unahisi moto kabla hujaligusa. Kuna dada mjamzito tulimtoa nje tumemshika mabega, khutba haijaisha.

Dawa yake si viyoyozi. Wekeni dari chini ya bati, kati yake pitisheni hewa: matundu yenye wavu ukingoni, na pa kutokea kileleni. Bati lipakwe nyeupe. Msikiti wa Djenné kule Mali, wa udongo, uliojengwa 1907, una matundu juu ya paa yenye vifuniko vya udongo wa kuchoma. Tena sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, usiku kunapoa; madirisha yakiachwa wazi, kuta zinaamka baridi.

Halafu kibla chetu, upande wa Makka, ni kaskazini, kinaelemea mashariki kidogo. Safu za kuswali zikiwa ndefu, mashariki hadi magharibi, jua la alasiri linakuta ubavu mfupi. Mchoraji kafanya kinyume, ubavu mrefu kaupa magharibi, akauwekea vioo! Hapo ni pa ukuta mnene wa matofali na baraza la kivuli. (Sitafuti soko, ingawa yangu ni ya udongo wa kichuguu.)

Naiomba kamati ifanye kikao chake kijacho ghorofani kwetu, saa sita mchana, kabla ya kulipa fundi. Mimi nitakuja na maji.

Mama muuza matofali,
Ruashi, Lubumbashi