Kwa Zuberi, kuhusu kiti cha familia ya Gambino

Morogoro

Ndugu yangu Zuberi,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba mama ameinuka kitandani baada ya ile homa. Sisi huku hatujambo, mvua tu ndiyo imechelewa.

Ile sehemu uliyoandika juu ya John Gotti, aliyekuwa bosi wa familia ya Gambino, moja ya magenge ya mafia ya New York, nimeirudia, na siwezi kuiacha ipite. Unasema wakubwa wa mafia wa New York walikuwa wahalifu, sawa, lakini walikuwa na heshima na utaratibu: mtu anakula kiapo, anapanda ngazi, anamtii mkubwa wake mpaka kufa. Tena unamwita Gotti kiongozi wa watu kwa sababu kila tarehe 4 Julai mtaa wa Ozone Park ulikula nyama ya kuchoma na kutazama fataki kwa gharama yake. Fataki zilikuwepo, sikatai. Ila huo utaratibu, bwana, nimeutafuta katika historia ya familia yake tangu mwanzo na sijauona. Kiti kilikuwa kimoja, na mara nyingi aliyekikalia aliangushwa na mtu aliyekuwa akila naye sahani moja.

Anzia 1931. Joe Masseria na Salvatore Maranzano, wote wazaliwa wa Sisilia, walikuwa wakiigombania New York. Mshindi hakupatikana kwa mapigano ya barabarani. Charles Luciano, mtu wa karibu wa Masseria, alimgeuka bosi wake, na tarehe 15 Aprili Masseria akauawa kwa risasi katika mkahawa wa Coney Island. Maranzano akajitangaza bosi wa mabosi wote. Hakutimiza miezi mitano. Tarehe 10 Septemba watu waliojifanya maofisa wa serikali waliingia ofisini kwake Park Avenue wakamuua, na aliyewatuma alikuwa Luciano huyohuyo.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu unaousifu. Luciano alikifuta cheo cha bosi wa mabosi na kuunda Tume, yaani baraza la wakubwa wa familia tano za New York pamoja na wenzao wa miji kama Chicago na Buffalo, ili magomvi yaamuliwe kabla damu haijamwagika. Sheria yao kubwa ilisema bosi haguswi bila idhini ya Tume. Hebu fikiri ni nani aliyeisimamisha sheria hiyo: mtu aliyepanga vifo vya mabosi wawili ndani ya mwaka mmoja. Na wote waliokuwa barazani walilijua hilo.

Familia ambayo baadaye ilichukua jina la Gambino ilikuwa chini ya Vincent Mangano kwa miaka 20. Yeye na makamu wake, Albert Anastasia, hawakupikika chungu kimoja. Aprili 1951 ndugu yake Mangano alikutwa ameuawa Brooklyn, na Mangano mwenyewe akatoweka. Mwili wake haukupatikana. Anastasia akakaa kwenye kiti, Frank Costello, mkuu wa familia iliyokuwa ya Luciano, akamtetea mbele ya Tume, mambo yakaisha. Miaka 6 baadaye, asubuhi ya 25 Oktoba 1957, Anastasia akiwa kwa kinyozi katika hoteli ya Park Sheraton, watu wawili waliojifunika nyuso waliingia wakamfyatulia risasi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo mpaka leo. Aliyerithi ni makamu wake, Carlo Gambino.

Gambino alikuwa mtu wa sauti ya chini na subira nyingi. Alitawala miaka 19 na kufa kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake Massapequa, Oktoba 1976. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu uliniuliza kwa nini Castellano, bosi aliyemfuata Gambino, aliuawa na watu wake mwenyewe, na kwa maoni yangu jibu lilianza siku Gambino alipochagua mrithi.

Makamu wake alikuwa Aniello Dellacroce, mtu wa mitaani, anayeogopwa na kupendwa na vikosi vya chini. Kila mtu alitarajia kiti kiende kwake. Gambino akakipeleka kwa Paul Castellano, binamu yake ambaye pia alikuwa shemeji yake. Ili Dellacroce asinune, aliachiwa umakamu pamoja na vikosi kadhaa avitawale karibu apendavyo. Dellacroce alikubali, na kwa miaka 9 alilishika neno lake. Lakini familia moja ilikuwa imepata wakuu wawili. Vijana waliokuwa chini ya Dellacroce, Gotti akiwa mmojawapo, walimhesabu yeye kuwa bosi wao, na yule mwingine walimpelekea fungu lake la pesa tu.

Castellano naye hakujitahidi kuwa wao. Alijiona mfanyabiashara: nyama, kuku, zege. Alijenga jumba jeupe Todt Hill, kilimani Staten Island, watu wakaliita Ikulu, na kapteni, yaani mkuu wa kikosi, aliyetaka kumwona alilazimika kukipanda kilima hicho. Kuhusu zege nikwambie jambo moja, maana uliandika kwamba mafia walikuwa wakiumizana wenyewe kwa wenyewe tu. Kampuni zilizokubaliwa na Tume ziligawana kandarasi kubwa za zege Manhattan, na katika kila kandarasi iliyozidi dola milioni 2, asilimia 2 ilikwenda kwa wakubwa. Mjenzi anapandisha bei, mwenye jengo anapandisha kodi, na mpangaji ambaye hajawahi kumwona Castellano hata kwenye gazeti anamlipa kila mwezi.

Halafu likaja suala la dawa za kulevya. Castellano alikataza biashara hiyo, adhabu yake kifo. Angelo Ruggiero, rafiki wa Gotti tangu utotoni, pamoja na Gene, mdogo wake Gotti, wakakamatwa 1983 kwa heroini. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa wametega vinasa sauti nyumbani kwa Ruggiero, na Castellano akataka aletewe maandishi ya mazungumzo hayo. Ruggiero akakataa. Angewezaje kukubali? Mle ndani kulikuwa na ushahidi uliotosha yeye na wenzake wauawe, pamoja na matusi aliyomtukana bosi. Dellacroce akamkingia kifua, akivuta siku, huku saratani ikimla.

Tarehe 2 Desemba 1985 Dellacroce akafariki, na Castellano hakwenda msibani. Zuberi, mimi na wewe tumekulia mahali ambapo mtu anajua uzito wa jambo hilo. Inasemekana aliogopa kupigwa picha na wapelelezi wakati kesi yake inaendelea. Labda. Lakini mtu aliyenyimwa kiti akakutumikia miaka 9 bila kuinua mkono, humwachi azikwe bila kumuaga. Kisha, badala ya mtu ambaye vile vikosi vingemkubali, akamweka Thomas Bilotti, dereva na mlinzi wake, kuwa makamu. Nadhani Castellano alikuwa bado hai wakati huo kwa sababu ya Dellacroce peke yake, na ndilo jambo ambalo hakulielewa.

Baada ya wiki mbili tu, jioni ya 16 Desemba, gari lilimshusha mbele ya mkahawa wa Sparks, mtaa wa 46 upande wa mashariki. Watu waliovaa makoti meupe na kofia nyeusi za manyoya walikuwa wakimsubiri. Yeye na Bilotti walikufa palepale kando ya gari. Aliyewaambia wauaji saa na mahali ni Frank DeCicco, kapteni aliyekuwa akimsubiri ndani ya mkahawa kama mgeni wa mkutano. Gotti na Salvatore Gravano, mshirika wake katika njama hiyo, walikuwa ndani ya gari karibu na hapo, wakitazama.

Gotti hakuwa na idhini ya Tume. Alipima upepo kwa baadhi ya watu wa familia nyingine, lakini familia ya Genovese, ile iliyokuwa ya Luciano na Costello, hakuiuliza, kwa sababu bosi wake, Vincent Gigante, alikuwa na maslahi pamoja na Castellano. Gigante alikasirika, akasema sheria imevunjwa. Sasa Gigante ni nani? Ni yuleyule aliyeshitakiwa kwa kumpiga Costello risasi ya kichwa mlangoni mwa nyumba yake, Mei 1957, wakati Vito Genovese alipokitaka kiti chake. Risasi ilimparuza tu. Mahakamani Costello alikataa kumtambua, Gigante akaachiwa, na Costello akajiondoa mwenyewe kwenye uongozi. Mlinzi wa sheria ya 1931 ndiye huyo. Tarehe 13 Aprili 1986 bomu lililotegwa kwenye gari Brooklyn lilimuua DeCicco, aliyekuwa sasa makamu wa Gotti. Lilimlenga Gotti, ambaye siku hiyo hakutokea.

Ya baadaye unayajua, kwa hiyo nitapita haraka. 1987 Gotti aliachiwa huru, na baadaye ikathibitika kwamba mzee wa baraza mmoja alikuwa amehongwa dola 60,000. Magazeti yakamwita Don wa Teflon, yaani bosi asiyegandwa na mashtaka, kama kikaango kisichogandisha chakula. Akawalazimisha makapteni wake waje kila wiki kumwamkia katika klabu ya Ravenite, Mulberry Street, nao FBI wakawa wanapiga picha kila anayeingia, kisha wakatega vinasa sauti katika nyumba ya mjane iliyokuwa juu ya klabu. Humo Gotti alimteta Gravano kwamba ana tamaa, na kwamba baadhi ya waliouawa ni Gravano aliyewaombea kifo. Baada ya kukamatwa pamoja, Desemba 1990, Gravano alizisikia kanda hizo. Akaelewa kwamba bosi anamwandaa kubeba mzigo wote.

Gravano huyo, 1978, familia ilimuua ndugu wa mkewe, naye akameza. Alikuwa amekula kiapo, damu ya kidole na picha ya mtakatifu ikiwaka mkononi. Alichoshindwa kumeza ni kusikia jina lake likisemwa vibaya na mtu aliyekaa naye garini siku ya Sparks. Akatoa ushahidi, akakiri kuhusika katika mauaji 19, na tarehe 2 Aprili 1992 Gotti akatiwa hatiani. Alifia hospitali ya gereza, Springfield, Missouri, 10 Juni 2002.

Kuhusu ukarimu wake kwa majirani, naomba ulijue hili kabla hujamsifu tena. Machi 1980 mwanawe wa miaka 12 aligongwa na gari Howard Beach akiwa kwenye pikipiki ndogo. Ilikuwa ajali. Aliyekuwa akiendesha ni jirani, baba wa familia. Julai mwaka huohuo jirani huyo alitoweka, na mwili wake haujapatikana. Gotti na mkewe walikuwa Florida siku hiyo, na hakuna aliyepelekwa mahakamani kwa kifo hicho. Msiba wa kufiwa na mtoto nauheshimu, hata kama baba ni Gotti. Lakini kila nikisoma habari za fataki za Julai nawafikiria watoto wa yule bwana, waliobaki bila kaburi la baba yao la kulitembelea.

Uliuliza pia kama mambo yalitulia. 2004 Joe Massino wa familia ya Bonanno alikubali kushirikiana na serikali, bosi rasmi wa kwanza wa New York kufanya hivyo. Na Machi 2019 Frank Cali, aliyetajwa kuwa mkuu wa Gambino, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Todt Hill. Wote walidhani ni vita vya kugombea kiti. Muuaji akawa kijana wa nje kabisa, asiye na uhusiano wowote na mafia, na mahakama ikamwona hana akili timamu ya kushitakiwa.

Gigante nimemgusa kidogo tu, na yeye anastahili barua yake: miaka mingi alitembea Greenwich Village akiwa na koti la kulalia, akijifanya mwendawazimu ili asishitakiwe, mpaka alipokiri 2003. Niambie kwanza kama umekubaliana nami juu ya Dellacroce, maana najua utabisha.

Nisalimie mama, shemeji na watoto. Pesa za dawa nilizompa Hamisi zikikufika, nijulishe.

Ndugu yako,
Idrisa